Kengele ya Parokia na Kale Kadogo Kanakobaki

Jumatatu, 5 Mei

Ushindi! Padri Mulenga amenipa kengele ya parokia yetu hapa Kamalondo. Kuanzia leo kompyuta ndiyo itakayoipiga, kwa saa niliyoiandikia programu mimi mwenyewe. Peke yangu! Papa Elisée, mpiga kengele wa zamani, amekunja kamba yake amenuna. Eti ananipa mpaka Jumapili. Anipe! Jumapili hiyohiyo, baada ya misa, nakwenda kujitambulisha kwa Papa Précieux, mjomba wa Victorine. Huyo Victorine nampenda hadi nasahau kula. Na bwana wa kengele nani atamkataa?

Jumatano, 7 Mei

Aibu. Saa niliiweka sawa jana jioni, lakini kengele ya asubuhi imechelewa karibu nusu saa. Papa Elisée kasimama mlangoni pa kanisa, mkono wenye saa juu, bantu bote baone. Muzee mubaya yule!

Kosa nimelipata. Moyo wa kompyuta unapiga mara sitini kwa sekunde, na kwa kila pigo saa yangu inasogea milisekunde kadhaa. Gawanya milisekunde elfu moja kwa sitini: kumi na sita na kitu. Programu yangu inajua namba nzima tu. Inahesabu kumi na sita, kale kadogo kanakobaki inakatupa. Usiku kucha inakatupa, saa inabaki nyuma! Victorine, anayefundisha hesabu, kanishauri nikatunze pembeni, kakijaa namba nzima nikahesabu. Kazi yote hiyo ya nini? Nimeandika kumi na saba. Bon, imekwisha.

Ijumaa, 9 Mei

Ushindi mkubwa! Kumi na saba inakimbia, kengele inalia robo saa mapema. Na kwetu bantu huingia kanisani padri akiwa katikati ya mahubiri. Leo? Wimbo wa kwanza tu, viti vimejaa! Padri karibu alie. Papa Elisée kalalamika kwamba saa yangu iko inakimbia; kajibiwa kwamba ya kwake ndiyo imezeeka. Nilicheka mpaka nikakohoa. Siri ni kuirudisha sawa kila jioni. Rahisi!

Jumapili, 11 Mei

Jana jioni nilisahau. Nilikuwa napiga pasi shati la kujitambulisha.

Kengele ikalia gizani. Kamalondo nzima ikaja, kanisa limefungwa, baridi inauma. Padri katoka na povu la sabuni kidevuni. Papa Précieux kavaa viatu visivyofanana. Kamba imerudi kwa Papa Elisée, palepale, mbele ya wote. Kaipokea akitabasamu. Mon Dieu, tabasamu lile!

Lakini ngoja! Papa Précieux kasema kengele ya kuamsha kila mtu ndiyo anayoitafuta kwenye tanuri lake la mikate, mtaani Hewa Bora. Niiweke leo jioni, alfajiri iwaite wapishi watoe mikate kabla haijaungua. Ikitoka mizuri, tutaongea habari za Victorine. Ikiharibika, nisirudi kwake tena. Ushindi!

Victorine kaniuliza, kwa upole, kama nimekatunza kale kadogo. Nimemwambia atulie, mimi si mtu wa kurudia kosa. Kumi na saba ilikimbia mno, basi nimerudisha kumi na sita. Hiyo haina haraka hata kidogo.