Manjano ya Mama Kupitia Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tano tangu Mama apate kiharusi. Mkono wa kulia hauna nguvu, ulimi umekataa kabisa. Mama yangu huyu, aliyekuwa akiita jina langu kutoka shambani hadi Manyatta nzima inajua Runji anatafutwa! Nataka aniite tena, basi. Dada yangu Lydiah anamfanyisha mazoezi, ma-ma-ma, kama mtoto wa chekechea. Mimi nimesoma kwenye simu. Ubongo umevimba, manjano yanapunguza uvimbe. Rahisi! Nimebeba kilo mbili kutoka kwa Mithika, muuza miti shamba wa sokoni Embu. Ameniongezea na mzizi mchungu, ule wazee wanautia kwenye supu ya mbuzi.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo. Mama hatoki kitandani, na mwanamume aliyetahiriwa haingii chumba cha kulala cha mamake. Mila ni mila. Nikamwomba Lydiah ampe yeye. Akakataa katakata. Eti Mama anakunywa tembe za kuzuia damu isigande, hachanganyiwi kitu bila daktari kuulizwa. Tangu aende semina moja ya afya, hashikiki!

Jumatano, 5 Machi
Dirisha! Mila haijasema lolote kuhusu dirisha. Lydiah alipokwenda kukama, nikapanda kreti ya soda nje, nikapitisha kikombe cha uji wa manjano na mrija mrefu. Mama akafyonza mara mbili, akanikazia macho. Kreti ikavunjika. Uji kitandani, mimi kwenye maua ya Lydiah. Nikatoroka.

Baada ya nusu saa, mayowe. Lydiah ameona Mama ana midomo ya njano, meno ya njano, kidevu cha njano. Akasema ini limekwisha. Gari likaitwa, mbio hospitalini. Mimi kiti cha nyuma, kimya. Mwoga mkubwa! Lakini muuguzi alipotoa sindano na Mama akaanza kutetemeka, nilishindwa. Nikasema yote.

Daktari Nasro hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema manjano yamejaribiwa kwa panya wenye uvimbe wa ubongo na matumaini yapo, ila kwa binadamu bado hayajathibitishwa, na pamoja na zile tembe Mama angeweza kutokwa damu. Machozi yakanitoka mbele ya watu. Nikamwapia Lydiah: manjano basi. Akaninunulia chai, kisha tukamrudisha Mama nyumbani.

Jumapili, 9 Machi
Siamini! Asubuhi nilipanda kreti mpya kumsalimu Mama, mikono mitupu kabisa. Lydiah alikuwa kwenye ma-ma-ma yake. Mama akanigeukia, midomo ikahangaika, jasho likamtoka. Kisha wazi kabisa: "Runji. Shuka."

Jina langu! Nililia kama mtoto. Lydiah naye akalia, akanishika mkono kupitia dirishani, akasema wiki tano za mazoezi hazikupotea bure. Nimemwachia aamini hivyo, maskini, amechoka sana.

Mafyonzo mawili tu, na Mama anaongea! Lakini niliapa, na mimi ni mtu wa neno langu. Manjano sitagusa. Kitunguu saumu, hata hivyo, daktari hakukitaja. Nimeshamenya punje ishirini.