Aubrey Yelland Avuka Malisho ya Rasi ya Tarrow

Sogeeni, mliokaa na mliosimama, na mwenye matope viatuni avue mlangoni. Nyamazeni, hata wewe unayekoroga chai. Wengine wamekusimulieni habari za ngome zilizozingirwa na za majeshi yaliyozama pamoja na farasi wake. Hizo ni habari za kale, na walioziona wamekwisha kufa, hawawezi kuulizwa. Mimi sidai kidawa wala wino, wala sipigi magoti kuomba ulimi wangu ufunguliwe, maana dada yangu atakuambieni kwamba haujawahi kufungwa. Nakuleteeni jambo nililoliona kwa macho haya mawili, nikiwa na mfuko wa sandwichi mgongoni, mwezi wa Mei, katika pwani ya Devon: jinsi shemeji yangu Aubrey Yelland, fundi piano mstaafu, alivyovuka shamba lenye ng'ombe.

Naona mmeanza kutabasamu. Tabasamuni tu.

Kila vita huanza na kiapo, na kiapo hiki kilikuwa cha dada yangu Hester, mke wa Aubrey. Majira ya baridi yaliyopita madaktari walimtoa nyonga aliyozaliwa nayo wakampa nyingine ya chuma, naye, ganzi ikiwa bado haijamtoka, akaapa mbele ya nesi aliyekuwa akimpima presha kwamba majani mapya hayatazeeka mitini kabla yeye, Hester wa Nyonga ya Chuma, hajapanda Rasi ya Tarrow kwa miguu yake, akashuka upande wa pili hadi mkahawa wa Bi Loveday Hannaford, akaketi nje akala skonzi kwa malai na jamu huku akiitazama bahari. Nesi alimjibu kwamba presha iko sawa. Lakini sisi tuliokuwepo tulijua kwamba neno limetoka.

Basi Mei ilipofika tukapanga nyumba ndogo kijijini Combe Tarrow, sisi watatu, na tukafanya yote ambayo wageni wa pwani ile hutakiwa kuyafanya ili wapate la kuwasumbulia majirani wakirudi. Tulipanda kigari kinachovutwa kwa kamba juu ya jabali. Tuliwatazama sili wakijianika mwambani kama wazee waliokosana na wake zao. Tulipanda mnara wa taa, isipokuwa Hester, aliyebaki chini akitupungia kwa hasira. Tulikula mkate wenye nyama ya kaa, tumeketi ukutani bandarini, ambako shakwe mmoja alinipokonya nusu ya wangu bila hata kuniangalia usoni. Hayo yote yalikuwa mazuri, na tarikh hii inayapita kama mfalme anavyopita mbele ya maduka.

Kilichobaki kilikuwa kiapo. Na kati ya kiapo na skonzi palikuwa na malisho.

Kutoka Combe Tarrow kwenda kwa Bi Loveday kuna njia mbili. Moja hukata juu ya rasi, fupi na ya kupendeza, bahari ikiwa mkono wa kushoto njia nzima, nayo hupita katikati ya shamba la ng'ombe. Nyingine ni barabara ya lami inayozunguka kanisani, ndefu maradufu, haina cha kutazama ila ua wa miti pande zote mbili. Miaka yote ya ndoa yao, kila tulipokuja pwani ile, Aubrey alituongoza kwa barabara. Aliisifu barabara ile kama mshairi anavyomsifu bibi arusi. Alituonyesha maua ya mwitu yaliyoota pembeni, alitueleza namna lami inavyomwagwa ili maji ya mvua yasisimame. Kumbe chini ya lami ile palizikwa siri. Shemeji yangu, mtu mrefu, mpole, asiyeogopa radi wala mama mkwe, aliwaogopa ng'ombe. Hakuwahi kupigwa pembe, wala kukanyagwa. Alizaliwa na kukulia mjini. Ng'ombe wa kwanza alimwona akiwa mtu mzima, na ng'ombe yule naye akamwona.

Asubuhi ile tulisimama kwenye njia panda, jua likiwa limetoka na upepo ukiwa wa wastani.

"Barabarani kutakuwa na maua leo," akasema Aubrey.

"Aubrey," akasema Hester, "barabara siiwezi. Tukizunguka kanisani mtanifikisha kwa toroli."

"Basi tuite teksi."

"Niliapa kwa miguu, sikuapa kwa teksi. Na hayo maua yako niachie. Najua ni ng'ombe."

Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu.

"Umejua tangu lini?" Aubrey akauliza, kwa sauti ndogo.

"Tangu fungate."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa unafurahia sana kunieleza habari za lami, mume wangu. Ningekukatiza vipi?"

Mashujaa wa kale walivalishwa deraya na mama zao. Aubrey alijivalisha mwenyewe. Alishusha kofia mpaka masikioni. Aliining'iniza ramani shingoni, ndani ya mfuko wake wa plastiki, ikamkaa kifuani kama ngao. Mkono wa kuume akashika mwavuli, ijapokuwa mbinguni hapakuwa na wingu hata la kuazima. Kisha akatugeukia.

"Hester, na wewe Wilfred," akasema, "sitaki kuzungumza mengi. Mwanadamu anaweza kuikwepa siku yake kwa kupita kanisani mara nyingi sana, lakini mwishowe siku humngoja mkahawani. Nikianguka kule juu, piano ya kanisa la kwetu irekebishwe na mtu wa Taunton. Yule wa Bath ana mikono mizito."

"Twende, chai inapoa," akasema dada yangu, akatangulia.

Tulipanda polepole, tukimngoja Hester kila alipojifanya anatazama mandhari. Juu ya rasi tukaingia malishoni, na kwa kitambo tukasahau yote, maana bahari ilikuwa imelala chini ya majabali kama bati jipya, na vichaka vya maua ya manjano vikinukia jua. Ndipo upande wa mbali wa shamba vichwa vikainuliwa.

Walikuwa mitamba, majike machanga yasiyojua maziwa wala majuto, kundi zima. Mbele yao alisimama mmoja mwenye uso mweupe na hereni ya plastiki ya njano sikioni. Alitutazama kama karani anavyomtazama aliyekuja dakika ya mwisho. Kisha akaanza kuja, na wote wakaja nyuma yake, kwa mwendo wa haraka haraka.

"Wanakuja," akasema Aubrey.

"Wanakuja kusalimia," akasema Hester.

"Wilfred, wewe tembea kushotoni kwangu."

"Shemeji, kushotoni kwako ni baharini."

Tulitembea, nao wakatembea. Tulisimama, nao wakasimama, wakipumua. Basi tulivyokuwa tukisonga namna hiyo, hatua yetu na kwato zao, wale waliochoka kufuata wakazunguka wakatangulia. Na tulipofika mwisho wa shamba, penye kilango chembamba cha kutokea, tulilikuta jeshi lote limekwisha fika, limejipanga mbele ya komeo, na Uso Mweupe ameegemeza shavu kwenye nguzo.

Hapo ndipo dada yangu alipoacha utani. Nanyi hamumjui, lakini mimi nimekua naye, na siku Hester akiacha utani mtu mwenye akili hupiga simu. Alinishika mkono, na uzito wake wote ukawa juu yangu. Midomo ilikuwa imepauka.

"Nimechoka, kaka," akaninong'oneza. "Kusimama hapa sitaweza muda mrefu. Kurudi ndiyo kabisa."

Aubrey alisikia. Alimtazama mkewe, akaitazama nyasi yenye unyevu ambayo Hester akiikalia asingeinuka, akalitazama jeshi. Mimi singeweza kumwachilia Hester. Alibaki yeye.

Akaenda mbele. Shambulio la kwanza lilikuwa la mwavuli. Aliufungua ghafla kama bawa la tai mweusi. Adui akarudi hatua moja, akafikiri, akaja hatua mbili, na mtamba mdogo akaanza kuulamba. Shambulio la pili lilikuwa la maneno.

"Mabibi," akasema Aubrey, "sisi ni wapita njia. Hatuna ugomvi na nyasi zenu. Mke wangu huyu ana nyonga mpya, na hajatembea tangu Krismasi ila ukumbini kwetu, kwa mkongojo. Naombeni mpishe kidogo."

Uso Mweupe akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga chafya juu ya ramani, na Devon yote ya kaskazini ikalowa.

Aubrey akarudi nyuma kujipangusa. Nao wakamfuata. Akasogea kulia, vichwa vyote vikageuka kulia. Nikamwona akitulia, kama alivyokuwa akitulia zamani mbele ya piano mbovu, sikio likiwa limeinama, akitafuta waya uliolegea. Akavua kofia. Akafunga mwavuli, akauchomeka ardhini. Halafu akafungua kinywa akaimba.

Haukuwa wimbo. Ilikuwa sauti moja tu, noti ile ambayo kwayo alizirekebisha piano zote za wilaya kwa miaka ya kazi yake, ndefu na iliyonyooka. Masikio ya mitamba yakasimama. Aubrey akageuka, akawapa mgongo, jambo ambalo sijui kama jemadari yeyote amewahi kulithubutu, akaanza kuteremka kuelekea kwenye hori la maji kule bondeni, akiimba noti ile, akivuta pumzi, akiimba tena. Na jeshi la Rasi ya Tarrow likamfuata, mmoja nyuma ya mwingine, hata yule mdogo aliyekuwa bado anaulamba mwavuli.

Kilango kikawa wazi. Nilimpitisha Hester, nikamkalisha juu ya jiwe nyuma ya ukuta, nikamwambia tunywe chai ya chupa niliyoibeba mgongoni huku tukimngoja Aubrey. Hakunisikia. Alikuwa akichungulia juu ya ukuta.

"Anaimba," akasema. "Wilfred, Aubrey anawaimbia." Alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka, na hakuyapangusa.

Lakini aliyewavuta adui bondeni sharti arudi kutoka bondeni. Tulimwona pale kwenye hori, amezungukwa, nywele nyeupe zikipeperuka, migongo ya rangi ya udongo pande zote. Noti ikakatika. Nikajua anafikiri kukimbia.

"Usikimbie, mpenzi," Hester akamwita, si kwa kelele, bali kama mtu anayemwita mwenzake kutoka chumba cha pili. "Tembea tu. Na uendelee, ni nzuri."

Noti ikarudi. Akapanda kilima kile hatua kwa hatua, Uso Mweupe nyuma yake karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimtikisa kola ya shati. Hakutazama nyuma. Akang'oa mwavuli wake kama bendera. Akafika kilangoni, akapita. Na wakati anashusha komeo, ulimi mrefu wa kijivu ukapita juu ya ukuta ukamlamba shingo kutoka kola hadi sikio. Aubrey Yelland, Mfuatwa na Makundi, alisimama akavumilia mpaka ulipomaliza. Kisha akaketi chini miguuni pa mkewe.

Hester akampangusa shingo kwa skafu yake, taratibu, mpaka ikakauka.

"Pale horini noti ilishuka kidogo," akasema.

"Haikushuka," akasema Aubrey.

Tulipokwisha kunywa chai ya chupa tukateremka. Dada yangu alitangulia peke yake, bila mkono wa mtu, akafungua geti la Bi Loveday Hannaford, akachagua meza iliyoelekea bahari. Alipoketi alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu hospitalini.

"Mmekuja kwa barabara kama kawaida yenu?" akauliza Bi Loveday, akiweka skonzi mezani.

"Kwa juu," akasema Aubrey.

"Ooh, kwa wale mabinti. Wapole sana hao. Mimi huwapelekea maganda ya tufaha."

Tarikh inashuhudia kwamba shemeji yangu hakulisikia neno hilo, kwa kuwa alikuwa anapaka malai. Alipaka malai kwanza na jamu juu yake, kama inavyopasa Devon, si kama majirani wa Cornwall wanaoanza na jamu, na mkono wake ulikuwa imara.

Mara wakaingia vijana wawili, mume na mke, wenye viatu vipya na mabegi makubwa. Wakatazama huku na huku, na yule mwanamke akatuinamia.

"Samahani, tunataka kupita njia ya juu ya rasi, lakini tumesikia kuna ng'ombe. Hivi ni salama kweli?"

Hester akainamia kikombe. Aubrey akaweka kisu chini, akajifuta malai mdomoni, akaitazama bahari muda mrefu kama nahodha aliyestaafu.

"Ni wadadisi tu, binti yangu," akasema. "Cha muhimu ni kutowaonyesha wasiwasi. Nyie mnajua kuimba?"

Chai ilimpalia dada yangu ikabidi nimpigepige mgongoni.

Basi na ijulikane kwa vizazi vitakavyokuja, wawe wa Devon au wa Cornwall waliopotea njia, kwamba adhuhuri ile Rasi ya Tarrow ilivukwa, hakuna aliyeuawa, na walioshindwa waliachiwa nyasi zao zote. Na Hester wa Nyonga ya Chuma, ambaye kwa skonzi ile alikuwa ameapa na kuteseka tangu majira ya baridi, aliikata ya kwake katikati, akasukuma nusu kubwa kwenye sahani ya mumewe, naye Aubrey akaila, na hakuna kiumbe, wa miguu miwili wala minne, aliyethubutu kumzuia.