Jeshi Langu la Unga na Kifurushi cha Mwakio

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuota mvi na meno ya kutosha kula mahindi ya kuchoma. Ndugu zangu, baada ya kumshukuru, nakiri: leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya Voi nzima. (Si nzima. Lakini fundi cherehani alikuwapo, na hiyo ni sawa na nzima.)

Mnajua mimi na Bwana Mwakio wa shamba la mkonge tuna mchezo wetu wa vita. Katika vita vya Wazungu yeye alikuwa mchukuzi wa mizigo, mimi mpishi. Sasa sote ni majenerali. Askari wadogo wa madini ya risasi wanaouzwa dukani hatuwawezi kwa bei, kwa hiyo tunatengeneza wetu. Uwanja ni mlango mbovu juu ya makasha mawili, barazani kwangu. Vilima ni magunia yaliyogandishwa kwa uji, msitu ni nyuzi za mkonge, mto ni karatasi za fedha za pakiti za sigara. Mwakio huchonga askari wake kwa mlingoti wa mkonge. Mimi niliwafinyanga wangu kwa unga wa mahindi na ute wa yai, nikawapaka manjano ya mapishi ya mke wangu, nikawaanika. Walipendeza! (Hawakuwa na pua, lakini walipendeza.)

Jumatatu walikuwa arobaini. Jumanne, thelathini na watano. Jumatano, ishirini na tisa. Wa Mwakio? Wote wapo, wamesimama kama mihimili.

Nani hufika kwangu kila alasiri? Mwakio. Nani hushinda kila siku? Mwakio. Nikaanza kumtazama mikono. Nikampa kahawa mbali na meza. Jana alipojikuna mfukoni, niliinuka nikajifanya nanyoosha mgongo, kumbe nachungulia.

Leo asubuhi nimesomesha chuoni kwangu, cha Kurani, nikawaambia wanafunzi kwamba kumdhania mwenzako mabaya ni dhambi. Nimeeleza vizuri sana. Kisha nikarudi nyumbani nikahesabu: kumi na wanane!

Alasiri Mwakio akaja. Mara hii amebeba kifurushi cha kitambaa, na akakiweka mapajani. Hajawahi kubeba kifurushi.

"Umebeba nini, Bwana Mwakio?"

"Kitu kidogo, Maalim. Subiri tumalize kahawa."

"Mihogo?"

"Si mihogo."

"Mbona unakifunika kwa mkono?"

"Ala! Mkono wangu niuweke wapi?"

Hapo damu ikanipanda. Fundi cherehani wa jirani alikuwa amesimamisha mashine yake, na wapita njia watatu walikuwa wameegemea nguzo kutazama mchezo. Nikasema, mashahidi hawa hapa. Nikanyakua kile kifurushi. Nikakifungua juu ya meza. Wakamwagika askari wa manjano!

"Tazameni!" nikapiga kelele. "Jeshi langu! Rafiki wa miaka kumi na mbili ananiibia askari!"

Nikainua mmoja niwaonyeshe. Alikuwa mwepesi. Alikuwa wa mti. Alikuwa na pua.

Nikainua wa pili. Huyo alikuwa na kofia na ndevu. Ndevu zangu mimi.

Mwakio hakupandisha sauti. "Jana nilipofika, Maalim, nilimkuta kuku wako juu ya kilima cha mezani, na askari mdomoni. Nilitaka kukwambia, lakini ulinikazia macho alasiri nzima. Nikadhani umeudhika kwa kushindwa. Nikakesha nikikuchongea wengine, wasioliwa."

Mlangoni bibi yangu Mwanaisha akapiga makofi. "Kumbe! Ndiyo maana kuku wananenepa! Na wewe mume wangu, wiki nzima unasifu mayai yangu!"

Yaani jeshi langu nimelila mwenyewe, kwa chumvi na kitunguu.

Fundi cherehani alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Miaka kumi na mbili ya urafiki ilikuwa pale mezani, nami nimeiita wizi mbele za watu. Nikasimama, nikavua kofia. Nikasema kwa sauti ile ile niliyomshutumu nayo, "Mwakio, nimekudhania uovu, nawe hukuwa nao. Nisamehe."

Akanywa kahawa yake yote, taratibu, mpaka mashapo.

"Nimekusamehe, Maalim," akasema. Kisha akawavuta wale askari wapya upande wake, mmoja mmoja, na yule mwenye ndevu akamweka mbele kabisa. "Lakini leo hawa nawaongoza mimi. Wewe ongoza kuku."

Tumecheza. Nimeshindwa na ndevu zangu mwenyewe.

Ndugu zangu, tafadhali msinicheke. Na wewe unayesoma, Mungu akupe riziki ya halali, moyo usioshuku, na rafiki mwenye subira kuliko unavyostahili. Amina.