Mkono Uliobakiza Kidole

Alhamisi, 25 Oktoba

"Chakula cha kutisha hutazamwa, hakiliwi." Hayo kayaandika Ardis Kvamme, mkuu wa jiko la kanisa, katika jarida la mwezi huu, chini ya tangazo la glovu zilizookotwa. Maneno matano. Makosa matano!

Hakiliwi? Kila Desemba, katika ukumbi uleule, Ardis huyuhuyu hutupakulia samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi hadi akawa mlenda. Ananuka. Anatetemeka sahanini bila kuguswa. Na watu wazima, wenye elimu na meno yao, humwagia siagi na kuomba wa pili. Kama woga ungezuia watu kula, jimbo letu zima la Minnesota lisingebaki na Mlutheri hata mmoja.

Nimemjibu. Si jaridani, maana jarida ni lake. Nimemjibu katika gazeti la mji, ambako barua zangu hutoka kila Alhamisi mtu apende asipende. Jumatano ijayo ni Halowini, usiku wa watoto kuvaa kama mizimu, na kanisani kuna karamu ya kuchangiana, kila nyumba na trei yake. Sheria ni ya tangu enzi za mababu: trei ya kwanza kwisha ndiyo iliyoshinda. Kwisha ni kwisha. Chini ya chombo kuonekana.

Nimeahidi hivi, hadharani: nitapika chakula cha kutisha kuliko vyote. Kikiwa cha kwanza kwisha, Ardis ataandika jaridani neno moja, "Nilikosea." Kisipokuwa cha kwanza, mimi, Verlyn Tollefsrud, sitaandika barua gazetini mwaka mzima.

Mhariri ameiweka ukurasa wa kwanza. Miaka yote hii hajawahi kuniweka ukurasa wa kwanza! Amenipigia simu mwenyewe kuuliza kama nina hakika na lile neno "mwaka". Sauti yake ilikuwa na furaha. Bila shaka ameguswa na hoja.

Mke wangu Marlys aliisoma akinywa kahawa. Akauliza, je, nikishindwa, nani atawaambia watu kuhusu mabata bukini wanaochafua uwanja, rangi ya tangi la maji, na upuuzi wa kurudisha saa nyuma kila Novemba? Mwaka mzima! Mabata watatawala. Nikamwambia sitashindwa. Akasema yeye aliuliza tu.

Ijumaa, 26 Oktoba

Nitapika mkono. Mkono wa maiti unaochomoza kaburini. Kaburi ni viazi vya kuponda. Mkono ni nyama ya kusaga iliyokandwa kwa mayai, vitunguu na chenga za mkate. Kucha ni vipande vya kitunguu. Damu ni sosi ya nyanya. Kazi ya mtoto mdogo.

Baadaye: si kazi ya mtoto mdogo.

Vidole vimevimba na kushikana ovenini. Kiganja kimenywea. Kucha tatu zimezama, moja imeungua. Nilitaka maiti, nimepata glovu ya mtoto mnene. Marlys aliitazama kwa muda mrefu, kichwa upande, kisha akasema, "Ni tofauti."

Tofauti! Katika wilaya hii hakuna tusi zito kuliko hilo. Mtu akisema "si kibaya," umesifiwa mpaka kaburini. Akisema "ni tofauti," tafuta kaburi lenyewe.

Mbwa alikula kidole gumba akaenda kulala. Naihesabu kuwa kura ya ndiyo.

Jumapili, 28 Oktoba

Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Siku ya kumkumbuka yule mtawa aliyechoka kunyamaza akapigilia hoja zake mlangoni mwa kanisa. Kwa heshima yake nilifika mapema na kubandika hoja zangu kwenye friji ya ukumbi: kwa nini woga huongeza hamu ya kula. Kurasa mbili, maandishi madogo, mifano kutoka Roma ya kale.

Ibada ilipokwisha niliteremka kuona umati unasoma. Ardis alikuwa amegeuza karatasi na kuandika nyuma yake, "Maziwa haya ni ya kahawa. Msiyanywe." Mtawa yule hakukutana na Ardis. Historia ingekuwa nyingine.

Akanijia huku anatabasamu. Chuki ya kwetu huvaa tabasamu na hubeba keki. "Ndugu Verlyn, tunaungoja kwa hamu huo mkono wako, jamani! Mie mwenzio naleta vile viazi vyangu vya kawaida tu. Nimevitia zeituni mbili viwe na macho, watoto wacheke."

Vya kawaida tu! Majivuno yaliyoje! Nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, vidonge vya viazi vya dukani juu. Hajawahi kuvunja sheria yoyote ya upishi kwa sababu hajui kama zipo.

Kisha akaja mchungaji mpya, Thibodeaux, mtu wa Louisiana, kule kusini kwenye vinamasi. Yuko nasi tangu Agosti na bado anawasogelea mno watu anapoongea nao. Akasema kwao alikua akila vyakula vyenye makucha na masharubu, mkono haumtishi. Nikitaka mtu wa kuuonja kabla ya siku, atakuja hata leo, na atakuja na chupa yake ya pilipili.

Nilimweleza, kwa upole na kwa mifano, kwamba ulimi uliounguzwa na pilipili tangu utotoni hauwezi kuamua jambo la kungumanga. Nikaongeza kwamba nyama yangu si chakula cha kinamasini. Akacheka kidogo, akasema, "Sawa, ndugu yangu. Nimekusikia. Mkono wako sitaugusa." Nilifurahi. Ni nadra siku hizi kukutana na mtu anayekubali hoja papo hapo.

Ardis, ambaye masikio yake hayana likizo, akamwambia viazi vyake vitakuwa meza ya dirishani, karibu na kiti cha Mchungaji. Maskini, nikasema moyoni. Kafukuzwa kwenye nyama, kaangukia zeituni.

Jumatatu, 29 Oktoba

Ushindi! Siri ni baridi. Finyanga vidole, vilaze kwenye barafu usiku kucha, viunge asubuhi, vitie ovenini vikiwa vigumu. Punguza mafuta, ongeza chenga. Kucha usizichomeke mpaka nyama iive nusu. Leo mkono umetoka ovenini ukiwa mkono. Kidole cha shahada kimenyooka kama kinamshitaki mtu. Nadhani namjua huyo mtu.

Marlys kafungua mlango wa jiko, kapiga yowe, kaufunga. Nimemkumbatia.

Sasa mkakati. Upishi bora bila walaji ni falsafa tupu. Nimempigia Duane, kaka yake Marlys, mtu anayekula kama anayehama nyumba. Nimemwagiza aje na njaa, asiguse viazi vya Ardis, na trei yangu ikibaki kidogo aimalize. "Usiwe na wasiwasi, shemeji," akasema. "Hiyo kazi nimezaliwa nayo." Nimemuuliza mara mbili kama ameelewa lile neno "aimalize". Akasema shemeji, mimi si mtoto.

Marlys anasema mtu aliyekulia hapa hawezi kufanya ninachomwomba Duane. Nimemwuliza ana maana gani. Akasema nitaona. Wanawake wa ukoo ule wote husema nitaona.

Jumatano, 31 Oktoba

Theluji nyepesi. Watoto wamekuja kama kila mwaka: mizimu, wachawi na mifupa, wote ndani ya makoti ya baridi. Mzimu gani unafungwa zipu mpaka kidevuni? Lakini leo kitisho hakikuwa juu yao. Kilikuwa mkononi mwangu, chini ya karatasi ya alumini.

Nikaifunua trei. Mkono ulichomoza kwenye viazi, kucha zimekunjamana, damu inatiririka kwenye vifundo. Binti mmoja aliyevaa kama boga akaangua kilio. Sijawahi kupewa sifa safi kama ile! Lowell Bergquist, ambaye hajabadili uso tangu mazishi ya baba yake, akasema, "Naam. Hiyo si mbaya."

Si mbaya! Kwa Lowell!

Wakapanga foleni. Kwangu, meza ya katikati! Kidole gumba kikaenda. Kiganja kikaenda kwa vijiko viwili viwili, na kaburi la viazi pamoja nacho. Myrtle Sandvik, mwenye miaka zaidi ya themanini, alikata kidole cha kati bila kupepesa, akarudi kuuliza kama damu bado ipo. Kule dirishani trei ya Ardis ilikuwa nusu. Nilimtazama. Alikuwa anafuta meza ambayo ilikwisha kufutwa. Hutazamwa, hakiliwi? Andaa kalamu, Dada!

Kisha kikabaki kidole kimoja. Cha shahada.

Na ukumbi mzima ukapatwa na adabu.

Akaja Lowell. "Kuna ambaye hajapata?" akauliza hewani. "Basi mie kidogo tu." Akakata nusu, akaacha nusu. Akaja Myrtle. "Aa, mimi sina nafasi tena, labda ka kuonja tu." Akakata nusu ya nusu. Wakaja wengine, kila mmoja na kisu chake na unyenyekevu wake. "Acha, acha, wewe kula." "Hapana, kula wewe, mimi nimeshiba." "Tugawane basi." Kidole kikawa kifundo. Kifundo kikawa ukucha na nyama kidogo.

Nikamfinya Duane. Sasa! Alikuwa na sahani mkononi na jasho usoni. Akaukaribia mkono, akautazama, akatazama watu. "Shemeji, wananiangalia." Nikamwambia ndiyo, ni karamu, watu wana macho. Akanong'ona kwamba kipande cha mwisho si cha mtu, mama yake angefufuka. Akakata nusu! Amekula sahani nne bila haya, haya zimemwingia kwenye tonge moja!

Ikabaki kazi yangu. Sheria haimkatazi mpishi kula chake. Nikachukua uma. Ukumbi ukageuka kunitazama, hata mizimu. Kipande kilikuwa kama punje ya haragwe. Mwaka mzima wa barua ulikaa kwenye ncha ya uma ule: mabata, tangi, saa. Nikakichoma. Nikakiinua. Kisha nikasikia mdomo, mdomo wangu mwenyewe, ukisema, "Kuna ambaye hajapata?"

Nikakata nusu.

Sijui nani aliyenitia kisu mkononi. Nadhani ni bibi yangu, kutoka makaburini.

Wakati huo ikasikika sauti kutoka dirishani. Chuma kinakwaruzwa. Trei ya Ardis nayo ilikuwa imebakiwa na kijiko kimoja na zeituni moja, na ingebaki hivyo mpaka Pasaka. Lakini pale alikuwa ameketi Mchungaji Thibodeaux. Alikomba viazi, akala lile jicho, akachukua mkate akafuta pembe zote nne mpaka trei ikang'aa. Myrtle akafumba macho.

"Jamani, mbona mnaniangalia?" akauliza Mchungaji. "Kwetu ukiacha chakula umemtukana mpishi."

Ardis akainua trei juu watu waone chini yake. Kisha akaja kwangu na keki. "Ulikuwa mkono mzuri, Ndugu Verlyn. Kweli kabisa. Ni tofauti."

Mhariri alikuwepo. Alipiga makofi kuliko wote.

Alhamisi, 1 Novemba

Marlys anasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Namuuliza, nani kashindwa? Pima ushahidi. Ardis alisema chakula cha kutisha hakiliwi. Kimeliwa! Kilichobaki hakikuogopwa, kiliheshimiwa. Nimeshinda hoja, nimepoteza trei. Naye kashinda kwa mdomo wa kukodi, wa mtu wa kinamasi asiyejua kwamba chakula kina mwisho ambao haufikiwi. Marlys anasema mdomo ule ulijileta kwangu kwanza, bure, na chupa yake. Nimemwambia hilo halihusiani.

Mwaka ujao nitapika kichwa. Masikio mawili, kwa hiyo vipande vya mwisho viwili. Sioni kasoro.

Asubuhi nilipita kanisani kuchukua trei. Nilimkuta Mchungaji mlangoni akafanya haraka kuniomba radhi kama aliharibu desturi. Nikamweleza, kwa upole na kwa mifano, mambo ya desturi. Alitazama saa mara tatu. Anajifunza polepole.

Kuhusu ahadi. Mimi ni mtu wa neno langu. Verlyn Tollefsrud hataandika gazetini mwaka mzima. Lakini nimesoma upya ile ahadi, na jina langu la kati, Alvin, halimo. Alvin hajaahidi mtu chochote. Barua yake ya kwanza iko tayari, na naiweka hapa kabla Marlys hajaiona:

"Bwana Mhariri. Mimi ni mkazi mpya, sina upande. Nawaandikia ninyi tu mliokaa meza ya katikati jana usiku: Lowell, Myrtle, Duane, na wengine wote mliokuwa na kisu. Mlikata kidole cha mtu asiye na hatia mpaka kikawa punje, kisha mkaenda nyumbani kulala kama watu waungwana. Kile kipande bado kipo. Kiko kwenye friji ya ukumbi, rafu ya juu, ndani ya karatasi ya alumini iliyoandikwa jina la mpishi. Njooni Jumapili baada ya ibada, mbele ya mashahidi, mkile. Na wewe ambaye jina lako silijui, uliyekifungua baada ya karamu, maana leo asubuhi nimekikuta kimekatwa nusu tena: njoo na wewe. Usije na kisu. Njoo na mdomo, umalize."