Araba Quansah Aizikutanisha Jumamosi na Jumapili

Zimeni redio, enyi mlioketi nanyi mliosimama, na mwenye kikohozi akakohoe nje! Navisimulia vita vya Araba Quansah wa Sekondi, binti wa moshi na samaki, mwenye sauti ya kunyamazisha kwaya, aliyeukamata ulimwengu kwenye kola na kuutikisa hata saa zake zikakaa mahali pake.

Chanzo kilikuwa watoto wake wawili. Ekow anaishi Vancouver, Esi yuko Melbourne, na tangu walipogombania jeneza la baba yao, kila mmoja aking'ang'ania chaguo lake, hawajasemezana. Araba aliapa kuwakutanisha kwenye simu moja, yeye akiwa refa. Lakini ole! Mmoja akiamka, mwenziwe anajifunika shuka.

Mara ya kwanza alimtegemea mdogo wake Ato, baharia mstaafu, aliyeziona bandari zote za dunia kupitia dirisha la baa.

"Dada, piga saa sita mchana," akatangaza Ato. "Jua likiwa utosini, halina wa kumficha."

Wakapiga. Ekow akaitika kama maiti aliyefufuliwa bila ridhaa yake. "Maame, nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Msalimie dada yako."

"Huku ni saa kumi alfajiri!" Akakata.

Esi, aliyekuwa tayari kitandani, akasikia yote. "Basi Maame, nakupa mara moja tu nyingine. Akininunia tena, usiniite kamwe."

Moyo wa jemadari Araba ukanywea. Lakini Jumamosi iliyofuata, baada ya chai, alijifunga kitambaa kiunoni, akashuka uani, akapanga maharage duara juu ya meza, harage moja kwa kila saa ya usiku na mchana. Kizibo cha soda kikawa Esi. Kifungo cha shati kikawa Ekow. Yeye mwenyewe akawa kitunguu, kama ilivyostahili.

"Esi tumemtangulia au ametutangulia?" akauliza Ato.

"Ametutangulia, we nahodha wa beseni! Jua linaamkia kwake, linapita kwetu, halafu linamfikia Ekow likiwa limechoka."

Akasukuma kitunguu, na kizibo na kifungo vikasogea pamoja nacho kama askari. Ndipo adui akashambulia: kuku wa jirani, dhalimu mwenye manyoya, akaruka mezani na kumeza saa nzima ya dunia.

"Toka, mla nyakati!" Araba akanguruma, na kandambili ikapaa angani kama radi. Kuku akakimbia na saa tumboni. Jemadari akaziba pengo kwa harage jipya, akaanza upya, midomo ikichezacheza, jasho likimtiririka, hata kitunguu kilipofika saa mbili usiku.

Akasimama wima. "Kwa Ekow, saa sita mchana. Kwa Esi, saa moja asubuhi."

"Asubuhi ya jana?" akauliza Ato.

"Ya kesho! Esi atakuwa Jumapili, sisi tukiwa bado Jumamosi."

Ato akavua kofia. Hakuwahi kumvulia mtu aliye hai.

Saa ilipowadia, Araba akabonyeza simu. Ekow akapokea, akitafuna. Esi akapokea, kijiko kikigonga kikombe.

"Unatafuna kama mbuzi," Esi akasema.

"Na wewe bado unakoroga chai kama unatwanga fufu."

"Lile jeneza ulilochagua lilikuwa baya, Ekow."

"Lilikuwa baya sana," Ekow akakubali. "Lakini lako lilikuwa na maua ya plastiki!"

Moto ukawaka. Wakabishana, wakazomeana, kisha Esi akacheka hadi akapaliwa, na Ekow akamfuata. Ato akanyoosha mkono aingilie kati, Araba akaupiga kofi.

"Waache wagombane," akasema, akijifuta macho kwa kitambaa. "Leo wote wako macho."

Na iandikwe katika tarehe za mataifa, chini ya falme na juu ya vimbunga: usiku ule, uani Sekondi, mwanamke mmoja aliikalisha Jumamosi karibu na Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyekata simu.