Nyumba Tulivu ya Jumapili

Jumatatu, tarehe 3

Asubuhi mbaya. Mama Funguo, mwenye ofisi yetu ya udalali, alituita mimi na mwenzangu Mpole, akatusimamisha mbele ya meza yake. Yaani alinisimamisha mimi. Mpole alipewa kiti. Kasema wateja wawili wamenilalamikia. Wa tatu akija, niache funguo mezani niende zangu. Kuanzia leo kila dalali aandike mteja anachohitaji, kwa maneno ya mteja mwenyewe, si kile ambacho dalali ana hamu ya kukipangisha. Muda wote alinikazia macho mimi. Mpole akawa anaitikia kwa kichwa. Kujipendekeza huko!

Saa nne akaingia nesi. Anafanya zamu ya usiku, analala mchana. Anataka kitu kimoja tu. Nikaandika: KIMYA. Nikapiga na mstari chini yake. Kisha nikakumbuka nyumba pekee niliyo nayo mkononi. Imepakana na karakana ya vyuma, ukuta kwa ukuta. Imekaa tupu tangu mwaka jana, na mwenye nyumba ameahidi kamisheni mara mbili kwa atakayeleta mpangaji. Tumbo likaanza kunisokota.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda karakana kupeleleza. Mafundi wanne, mashine mbili za kukatia chuma, na nyundo moja ambayo nahisi ina kinyongo na mimi. Nikamuuliza fundi mkuu, kwa kupiga kelele, wanapumzika lini. Akajibu, kwa kupiga kelele, Jumapili peke yake. Jumapili! Mwenye akili hafi njaa.

Nesi alipiga simu kuuliza kama aje leo kuiona. Nikamwambia rangi haijakauka. Nyumba ile haijaonja rangi tangu ijengwe. Nimeloa jasho mpaka soksi.

Ijumaa, tarehe 7

Balaa. Mpole amepata nyumba mwisho wa kichochoro. Jirani pekee ni mjane anayefuga sungura. Sungura! Hata mifugo haina sauti. Kamisheni ya kawaida tu, lakini Mpole anaona itamfaa nesi wangu. Wangu! Nikamwambia amekwishapata kwingine. Mpole akasema amefurahi kwa ajili yake. Na alifurahi kweli, nilimwona. Mtu wa namna hii utashindana naye vipi?

Chakula cha mchana hakikupita. Mke wangu kauliza kama naumwa. Nimesingizia kazi nyingi.

Jumapili, tarehe 9

Kimya cha makaburini. Nesi alipita kila chumba, akasimama, akafumba macho, akasikiliza. Mimi nikawa nasikiliza moyo wangu. Akauliza ng'ambo ya ukuta kuna nani.

"Mafundi, dada."

"Mafundi wa nini?"

"Watu wa adabu sana. Si unasikia mwenyewe?"

Akacheka. Akasema hajalala vizuri kwa miezi mitatu, na kwamba mimi ni dalali wa kwanza kumsikiliza. Akatia sahihi. 

Jumanne, tarehe 11

Kahamia jana. Leo alitoka zamu saa moja asubuhi. Saa mbili mashine zikawashwa. Saa mbili na dakika tatu simu yangu ikaita. Nikaifungia kwenye droo. Ikaita mara nane. Droo ni ya bati, meza nzima ikawa inatetemeka. Mpole akauliza kwa nini sipokei. Nikasema ni wakwe.

Jumatano, tarehe 12

Amekuja mwenyewe, bado yuko na sare ya kazi, macho mekundu. Nilikimbilia msalani. Kulikuwa na mtu. Nesi hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kaka, hebu nisomee ulichoandika siku ile."

Nikafungua daftari. "Kimya," nikanong'ona.

"Soma kwa sauti, mama asikie."

"KIMYA!"

Ofisi nzima ikanyamaza, wakidhani nawaamrisha.

Ndipo akaeleza. Usiku, kwa usingizi, alikaribia kumpa mgonjwa dawa ya kitanda kingine. Mwenzake ndiye aliyemdaka mkono. Akalia, bila sauti. Hapa siandiki mzaha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na si kwa kumwogopa Mama Funguo tu.

Mama Funguo kaagiza nesi arudishiwe kila alicholipa, na Mpole amhamishie kwenye nyumba ya kichochoroni leo hii. Kisha akaninyooshea kiganja nimkabidhi funguo. Aliyenitetea ni nesi! Kasema hataki mtu akose kazi kwa ajili yake. Ila kesho nikalale kwenye ile nyumba, mchana kutwa, nijue ninachopangisha.

Alhamisi, tarehe 13

Nimelala. Yaani nimejinyoosha sakafuni. Wana mageti kumi na sita ya kumaliza wiki hii. Kufikia saa sita meno yalikuwa yakicheza mdomoni. Saa nane nililia kidogo. Jioni mke wangu aliuliza kama nataka maji ya kuoga, nikamjibu kwamba mama hajambo. Nimeapa mbele yake: sitamdanganya tena mteja kuhusu kelele. Kamwe!

Ijumaa, tarehe 14

Nimeamka mtu mwingine kabisa. Mama Funguo kanipa mteja mpya, akanionya kwamba huyu ndiye kipimo changu. Mwalimu mstaafu, magoti mabovu, hataki ngazi. Nimeandika neno kwa neno. Kelele hakuzitaja hata kidogo!

Nina nyumba nzuri ghorofa ya tatu, na mwenye nyumba ana mkono wazi sana kwa madalali. Nimekwenda kuzihesabu ngazi. Hamsini na nne. Nitamsimulia visa njiani, mtu akicheka hahesabu. Tumbo linanisokota tena, sijui nimekula nini. Lakini safari hii nafanya kazi kwa haki: mteja mbele. Ngazini atatangulia yeye, mimi nitamsukuma kwa nyuma.