Kuondolewa Kwangu Katika Kwaya ya Vijana, na Ushahidi wa Nyota Changa

Saboti,
Machi 2007

Kwa Mchungaji Wamalwa,
Kanisani, Matisi, Kitale.

Mchungaji mpendwa,

Baada ya salamu za heshima, naleta mbele yako lalamiko ambalo nimelipima kwa sayansi. Jumapili iliyopita mwalimu wa kwaya, Jotham Wepukhulu, aliniondoa katika safu ya besi mbele ya watu: "Mzee Wabwile, tuachie vijana hii kwaya. Nenda ukae na wazee wenzako." Joy wa sauti ya kwanza akaongeza, "Si ni huyu alimfunza babu yangu kuendesha baiskeli, bana?" Watu walicheka. Kwa hiyo sitakwenda Bungoma kwenye mashindano, ilhali suti imekwisha kushonwa. Isitoshe, katika safu ile ndipo mahali pekee nilipokuwa nikiitwa kwa jina, bila "mzee".

Nimesoma katika maktaba ya Kitale jinsi wataalamu wa nyota wanavyozitambua nyota changa zilizo ndogo, pamoja na zile dhaifu ziitwazo vibete vya kahawia. Hoja zangu ni hizi:

1. Nyota haiulizwi kitambulisho. Mwanga wake hupitishwa katika chombo kinachoutenga rangi kwa rangi, mfano wa upinde wa mvua, kisha mistari myeusi iliyomo husomwa. Jotham alisoma mvi zangu tu.

2. Nyota changa bado imevimba, haijajikaza, na ndiyo sababu mistari yake ya sodiamu huwa hafifu. Fundi wangu ameipanua suruali hii mara mbili tangu Krismasi. Ni wazi sijaanza kujikaza.

3. Nyota changa ya aina hiyo ingali na lithiamu yake, madini mepesi iliyozaliwa nayo, kwa kuwa tumbo lake halijapata joto la kuiteketeza. Mimi sina joto. Hata nilipofukuzwa nilivaa kofia, nikashukuru, nikaondoka. Lithiamu yangu, basi, iko yote.

4. Nyota changa huzungukwa na vumbi. Barabara ya Saboti unaifahamu.

5. Inasemekana siifikii noti ya chini. Sikatai. Kibete cha kahawia nacho hakikuwahi kuwaka sawasawa kama nyota nyingine, lakini sijasoma popote kwamba kimefukuzwa angani.

6. Jotham, kwa upande wake, amekonda, hukasirika upesi, na viatu vyake havina vumbi hata wakati wa kiangazi. Kwa vipimo vyote vitatu, ni mzee.

Naomba nirudishwe kwenye besi kabla ya safari, na Jotham ahamishiwe benchi la wazee, apewe heshima zote za umri wake bila kupunguziwa hata moja.

Nisalimie Mama Mchungaji, akina mama wa jikoni, na Joy pamoja na babu yake.

Ni mimi, kijana wenu mtiifu,
Wabwile

Baada ya sahihi: Nilitaka kusahau. Juzi tulipokaribishwa kuku nyumbani kwa Mama Rispah, firigisi aliwekewa Jotham, nami nimeketi papo hapo. Tafadhali mkumbushe mama huyo kwamba firigisi ni ya mzee aliyetangulia kuzaliwa kuliko wote walio mezani. Mimi nilitahiriwa babake Jotham akiwa bado ananyonya. Wale wa rika langu walio hai wako tayari kushuhudia.